Mbio za Mabati

Niliwahi kushinda mbio za kutoka Njombe hadi Makambako, na mpaka leo mtu akinipongeza nakasirika. Wanaonipongeza ni wale ambao hawakuwepo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye malori mawili akaanza kuitwa tajiri. Kabla ya hapo mbio zilikuwa za shule na za chama, na ukishinda unapigiwa makofi, unakwenda zako nyumbani. Sasa mzee mmoja wa Makambako, msafirishaji wa mbao na mahindi, akatangaza mbio zake mwenyewe. Mshindi angepata mabati ishirini mapya, wa pili baiskeli, wa tatu blanketi. Wala hakutaka tupite barabara ya lami, kwa sababu lami ilikuwa ya malori yake. Tupite njia za miguu, za msituni na mabondeni, zinazopinda mpaka safari inakuwa ndefu kuliko ya gari. Na huo ulikuwa mwezi wa tano, mvua hazijaisha na baridi imeshaingia. Nilisema huyu mzee ana wazimu, kisha nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Nilijiandikisha kwa ajili ya mabati. Mama yangu alikuwa mjane, anaishi jirani na misheni katika nyumba ya nyasi iliyokuwa ikivuja kwa miaka kumi na moja. Alikuwa na masufuria manne ya kukinga matone na alijua kila moja linakaa wapi. Kifua kilimsumbua kuanzia masika hadi kipupwe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wangu ulikuwa ukiishia kwenye sukari na sabuni. Nilikuwa na miguu tu. Nikamwambia mama kwamba mwaka huo hatalala tena chini ya nyasi, naye akanijibu nisije nikajivunja.

Tulianza alfajiri, watu kama arobaini, katika ukungu ambao hukumwona mtu wa mbele yako ila ulimsikia akihema. Wengine walikuwa peku. Mimi nilikuwa na njumu za mitumba zilizonizidi kidogo, nimezijaza matambara. Manyunyu yalikuwa yakishuka polepole, yale ya kwetu ambayo hayana haraka na hayakati. Kufika kwenye mashamba ya viazi vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi hata sikuweza kufunga kamba ya kiatu. Tope lilikuwa jekundu na zito. Unakanyaga, linakushika, unavuta mguu, na ukiteremka mlima unateremka kwa makalio. Nilianguka mara nyingi nikaacha kuhesabu, na kila nikianguka nilimtukana yule mzee wa malori.

Ilipofika saa nne tulikuwa tumebaki wawili mbele. Mwenzangu alikuwa fundi wa gereji pale Makambako, mtu wa Musoma, mrefu, mwenye mapafu ya ng'ombe. Watu wetu walimsema vibaya kwamba hajui kusalimia. Ukimpelekea gari anakuuliza, "Ina nini?" kabla hujafungua mdomo. Kwa sisi Wabena huo ni ukosefu wa malezi. Kwetu mtu husalimiwa, huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, naye hujibu nzuri, nzuri, nzuri, hata kama ana maiti ndani. Shida husemwa baadaye, salamu zikishatulia. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi darasani niliwafundisha hivyo watoto wa wenzangu.

Nilimwacha yule fundi kwenye mlima mmoja wa miti ya miwati, lakini nilijua hayuko mbali. Nikiangalia nyuma namwona anapanda, kichwa chini, hatua fupifupi. Basi nikawa nakimbia kwa hofu. Nilikuwa nimebakiza mwendo wa kama saa mbili, nimeshavuka kijito kimoja chenye daraja la magogo, na njia inapanda kuingia kwenye mianzi. Pale juu kidogo ya kijito nikamkuta mama mmoja ameketi kando ya njia, juu ya jiwe, kitenge kimelowa kimemganda mwilini.

Nikamwamkia huku nakimbia. "Kamwene, mama."

Akainuka. "Kamwene, mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu," akasema, akapiga hatua moja kuja katikati ya njia.

Nilidhani sasa ataniuliza mimi ni mtoto wa nani. Wazee wetu hawakuachi hivihivi. Watataka wajue baba, wajue babu, wajue ukoo. Nikamwinulia mkono kwa adabu, nikasema, "Asante mama, nawahi," nikampita. Nakumbuka mdomo wake ulikuwa bado wazi. Nakumbuka pia kwamba nilijisifu moyoni, kwamba pamoja na baridi yote ile sikusahau adabu zangu.

Niliingia Makambako mchana, saa nane zimepita. Walikuwa wametandaza mkeka karibu na maghala ya mahindi, na yule mzee wa malori alikuwa amesimama na kanzu yake safi na koti juu yake, anatabasamu. Walinifunika blanketi, wakanipa chai ya tangawizi, nikashindwa kushika kikombe, ikabidi ninyweshwe. Mabati yalikuwa palepale, yamefungwa kwa waya. Niliyagusa. Nililia, sioni aibu kulisema.

Kisha tukamsubiri wa pili.

Nilimwambia mzee kwamba fundi wa gereji yuko nyuma yangu, hesabu dakika kumi. Dakika kumi zikapita, ikapita nusu saa. Watu waliokuwa wakipiga ngoma wakachoka. Hakuja wa pili, wala wa tatu, wala wa kumi. Ilipita saa nzima na nusu hakuna aliyetokea kwenye ile njia, na mzee akaanza kuniangalia kwa namna nisiyoipenda, kana kwamba nimewafanya kitu wenzangu huko porini. Hata mimi nilianza kuogopa. Nilikuwa nimeshinda mbio ambazo hazina mwingine.

Halafu likaja lori la mbao kutoka upande wa Njombe, juu limejaa wakimbiaji wenye tope. Watu wakacheka, wakazomea, wakasema hawa wamechoka wameomba lifti. Fundi wa Musoma akaruka chini wa kwanza. Wenzake wakateremsha machela ya miti miwili na mashati, na juu yake mtu amefunikwa mpaka kichwani. Kicheko kilikatika hapohapo.

Fundi alinijia moja kwa moja. "Mwalimu, wewe hukumwona yule mama pale juu ya kijito?"

"Nilimwona."

"Sasa?"

"Nilimsalimia," nikasema.

Alijifuta tope usoni. Kisha akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Yeye alipomfikia yule mama hakumsalimia. Alimuuliza, "Mbona umelowa hivyo, kuna nini?" Na mama akamwambia palepale. Mume wake aliteleza alfajiri kwenye magogo ya daraja akiwa na gunia la mahindi, akaangukia chini kwenye mawe, nyonga ikavunjika, nusu ya mwili iko ndani ya maji. Mama hakuwa na nguvu ya kumvuta. Alijua kuna watu wa mbio watapita, kwa hiyo akamfunika kwa majani, akapanda njiani, akakaa kuwasubiri. Mimi nilipita juu ya daraja lile. Nilikuwa nikiangalia miguu yangu.

Kila aliyefika nyuma ya fundi alisimama. Walimtoa majini, wakakata miti, wakambeba kwa zamu mpaka lami. Alikuwa akizungumza nao njia nzima. Alikata roho walipoanza kusikia malori.

Nilikaa chini kwenye matope. Sikuweza kuamini, na mpaka sasa sehemu yangu moja bado haiamini. Nilikuwa nimesimama, kama ni kusimama kule, hatua chache kutoka kwa mtu anayekufa, mkewe akanitazama usoni, nikamuuliza habari akasema nzuri, nami nikaridhika kwa sababu ilinifaa kuridhika.

Yule mama aliteremshwa mwisho. Wanawake wa Makambako walikuwa wamemshika huku na huku. Aliponiona alinitambua, akawageukia wale wanawake, akawaambia bila uchungu wowote, "Huyu ndiye kijana aliyenisalimia vizuri." Kisha akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Pole kwa kukimbia, mwanangu."

Ningependa kuandika kwamba mabati sikuyachukua. Niliyachukua. Mzee aliyaleta kwa lori lake juma lililofuata, nami na seremala mmoja tukayapigilia kwa siku mbili. Mama yangu alikaa nje kwenye kigoda akitutazama, anacheka peke yake, anawaita majirani. Mimi sikumwambia. Alikuja kuambiwa na wanawake wa jumuiya baada ya Misa, mabati yakiwa yamekaa juu wiki mbili.

Siku hiyo alinikuta jikoni nikichochea moto. Alivua viatu vya kanisani, akaketi, akaangalia juu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nilitamani anigombeze.

"Nyumba hii imevuja miaka kumi na moja," akasema. "Ingevuja na wa kumi na mbili."

Kisha akaniuliza kama nimekula.