Boksi Langu na Boksi la Mwalimu

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu kidogo, baridi ya kuvaa sweta mbili. Jua limetoka saa tano.

Leo ilikuwa siku yangu ya mtihani wa vitendo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare, na uwanja wa shule uko mbele ya kibanda changu. Kila jioni watoto walikuwa wanagombana nani kashinda, mpaka siku moja nikatoka nikawaamulia. Mwalimu wa michezo akaniambia kuna kozi ya marefa wa soka la watoto hapa Iringa mjini. Nimeishia darasa la saba, niliogopa, lakini mtihani wa kuandika nilipita. Kilichobaki ni kuchezesha mechi moja, mkufunzi akiwa pembeni na daftari lake. Nikifaulu, cheti.

Timu zilikuja uwanjani hapa kwetu kutoka upande wa Kalenga, moja ya kilimani, moja ya bondeni. Watoto wa chini ya miaka kumi na tatu. Wote wageni kwangu, ili nisipendelee.

Manyunyu yalikuwa yamefuta mistari yote. Nilikuja na ndoo ya majivu kutoka jikoni kwa mama mkwe, na kwa kuwa tulikuwa tumechelewa tukagawana kazi: mimi nichore boksi la goli la kaskazini, yule mwalimu wa michezo la kusini. Kwa watoto hawa tulifundishwa hatua kumi na mbili kutoka golini. Nikahesabu kumi na mbili. Mwalimu naye kumi na mbili. Mwalimu ni mrefu kama nguzo ya umeme. Mimi watu huniuliza kama nimesimama au nimekaa.

Dakika za mwanzo bondeni walishambulia upande wa mwalimu. Beki wa kilimani akanawa mpira, kaugusa kwa mkono, ndani ya mstari. Penati, goli. Karibu na mapumziko kilimani wakaja upande wangu, beki wa bondeni naye akanawa, nje ya mstari kidogo. Nikatoa faulo. Wakapiga juu.

Mama mmoja wa kilimani, mtoto mgongoni, akapiga kelele: "We mama refa! Kule penati, huku faulo? Majivu yako yanachagua watu?"

"Kule ilikuwa ndani, huku nje," nikamjibu, ingawa tulikatazwa kujibizana na watazamaji.

"Ndani ya nini? Huo mstari umelibana goli kama zizi la mbuzi mmoja!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilitazama nikaona kweli.

Mapumziko nikaenda kupima. Boksi langu, hatua zangu kumi na mbili. Boksi la mwalimu, hatua zangu kumi na tano na ushee. Mabeki wote wawili walinawa kwenye hatua yangu ya kumi na tatu. Mtoto akija kushonewa kaptula nampima kiuno mara mbili, na leo futi kamba nilikuwa nayo mfukoni.

Mwalimu akaninong'oneza: "Dada, nyamaza. Wanabadilisha magoli, kila mtu ataonja. Mkufunzi mwenyewe hajaona, anakunywa chai."

Nusu ya maneno yake yalikuwa ya haki. Nikifuta nikachora upya, kilimani watakosa boksi refu ambalo wenzao wameshalitumia. Bora yabaki hivyo hivyo. Goli nalo sheria hainiruhusu kulifuta, mpira ulishaanzishwa tena baada yake. Lakini kunyamaza sikuweza. Nikawaita makocha na makapteni, nikawaeleza wote, mkufunzi akisikia.

"Kwa hiyo tumefungwa na miguu ya mwalimu," kocha wa kilimani akasema.

Kapteni wa bondeni akauliza, "Goli letu linabaki?"

"Linabaki."

"Basi haina shida, mama."

Kipindi cha pili kilimani walishambulia boksi refu mpaka wakachoka. Mpira mmoja uligonga mwamba. Nisidanganye, nilitamani mtu anawe mle ndani, tamaa mbaya kabisa kwa refa. Hakunawa mtu. Ikaisha moja bila.

Mkufunzi akaniita pembeni. "Penati sawa, faulo sawa, kwa mistari iliyokuwepo. Lakini kazi ya kwanza ya refa ni kukagua uwanja. Hukukagua."

"Sikukagua, mzee."

"Utarudia mwezi ujao, kule Kilolo."

Nikamuuliza, "Na nisingesema?"

"Mimi sikuwa nimeona. Ungepata cheti." Akafunga daftari. Sijui kama alikuwa ananisifu au ananisema. Kocha wa kilimani alinipa mkono, lakini huenda huwapa marefa wote.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni. "Majivu yangu ya kuhifadhia maharage umeyamwaga, na cheti hujaleta."

Yote mawili kweli. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikaipima kwa futi kamba, nikafunga fundo kila mita. Nilipofika mwisho nikarudia tangu mwanzo. Fundo moja lilikuwa limekosea.

Jioni tumekula ugali na maharage. Mama mkwe kasema tutayala wiki nzima, tuwawahi wadudu.