Honi Iliyotoka Kampala

Uso bado unaniwaka, lakini acha niseme. Mimi ni fundi wa magari hapa Nkwenda. Tajiri wangu Ta Damiani, mnunuzi wa kahawa, ana gari la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zuri ajabu. Alitaka limpeleke bintiye kanisani likiwa na vifaa vyake vya asili, hata honi. Honi hiyo niliitafuta mpaka ng'ambo ya Murongo, upande wa Uganda, nikaikosa.

Nikaja kuipata Isingiro, kwa mfugaji Mzee Rwegasha. Aliing'oa kwenye gari kama letu lililofia njiani, akawa anaitumia kuwaita ng'ombe wake waje kulamba chumvi. Shaba tupu, na mpira wake mzima! Nikampa blanketi jipya, akanipa honi. Kwa Ta Damiani nikajitia ukubwa: "Imetoka Kampala, ndani ya boksi lake."

Siku ya harusi niliendesha mwenyewe, kifua mbele. Tulipopita malisho ya Isingiro nikaibonyeza. Lo, ile sauti! Nene, tamu. Wanawake waliokaa nyuma wakapiga vigelegele, nami nikabonyeza tena na tena.

Mlimani vumbi likatimka. Ng'ombe wa Mzee Rwegasha, wale wa pembe ndefu, walishuka mbio, wakalizunguka gari na kuanza kulamba boneti. Sijapata kuona mifugo yenye utii namna ile.

Mzee akafika akihema. "Fundi, wape chumvi. Bila chumvi hawaondoki."

Ta Damiani, aliyekaa kando yangu, akanigeukia taratibu.

"Na hawa nao," akauliza, "wametoka Kampala?"