Bibi Miriamu Hajanijibu

Jumatatu ile nilikunywa vikombe viwili vya kahawa kabla ya darasa, maana Bibi Miriamu hakuwa mtu wa kumwendea na usingizi. Mimi ni binti wa Kilutheri wa Pongwe. Kanisa lilinipeleka Israeli nikasome jinsi wanafikra wa Kiyahudi wa zama hizi wanavyofasiri maandiko. Kule hawasomi peke yao. Mnakaa wawili, mmoja anafasiri, mwenzake anampinga. Mwenzangu alikuwa huyo Bibi Miriamu, mjane na mwalimu mstaafu wa miaka sabini na kitu, aliyesoma kwa raha zake tu.

Wiki tatu nzima nilimkubalia kila neno. Nimpinge vipi mtu ninayemwamkia shikamoo?

"Umekubali tena!" alinifokea. "Basi si bora nisome na ukuta?"

Siku hiyo tulikuwa kwenye kisa cha Kaini aliyemuua nduguye. Katika Kiebrania, Kaini anamwambia Habili nduguye, kisha kimya; alichomwambia hakikuandikwa. Miriamu akasema maneno yalimwishia Kaini, ndipo akainua mkono.

King'ora kikalia.

Tulikimbilia chumba cha zege chini ya jengo. Sakafu ilitikisika.

Sijui ilikuwa hofu au nini, nikajikuta napaza sauti: "Hapana, Bibi! Kaini alisema. Habili ndiye hakujibu. Soma sura yote, akiwa hai hatamki hata neno moja!"

Watu waligeuka. Miriamu akapiga makofi, uso umemng'aa kama aliyepata mjukuu.

"Hatimaye! Umekosea, binti yangu, na kesho nitakuonyesha ulipokosea."

Nilifurahi mno. Roketi zinaanguka na mimi nacheka, sikuwa na haya.

Jioni mama alipiga simu kutoka nyumbani. "Rudi, mwanangu. Kitabu hakikimbii."

"Kesho nina jibu langu, mama. Nikilipata tutazungumza."

Asubuhi king'ora kililia tena. Miriamu alikaa ghorofa ya nne, na magoti yake yalikuwa mabovu.

Hakuwahi kushuka.

Tulimzika siku hiyohiyo. Ng'ambo ya mpaka nao walikuwa wanazika, tena wengi, na sikumsikia mtu wa upande wowote akimwambia wa upande wa pili neno.

Sasa nafundisha Biblia hapa Pongwe. Kwa miaka yote hii nimejaribu kumjibia Miriamu, nimejaza madaftari. Kila jibu ninalomtungia linaishia kukubaliana na mimi. Ndiyo maana najua si lake.