Pedali Nzito

Dada yangu ni fundi cherehani, na katika ukoo wetu hakuna anayemfikia kwa kushuku watu. Muuza uzi akimchangamkia tu, yeye anaupima uzi upya. Kwa hiyo pedali ya cherehani yake ilipoanza kuwa nzito, hakujiuliza mguu wake una nini. Alitafuta mchawi wake.

Hakwenda mbali. Chumba cha kushonea walikitumia wawili, yeye na wifi yake, mjane asiye na pengine pa kufanyia kazi. Dada akashikilia kwamba wifi anamkazia mkanda wa cherehani kwa siri, ili achelewe kumaliza nguo na wateja wahamie meza ya pili.

"Wanamwita mpole," aliniambia. "Mpole! Wewe huoni?"

Mimi niliona dada akiinuka kwa kusukuma meza kwa mikono miwili, na ngazi akizipanda kwa kujivuta. Nikamwambia aende hospitali. Akanitazama kwa jicho la pembe.

"Na wewe kakununua?"

Jioni moja akatega mtego. Alisaga chaki ya kuchorea nguo, akapaka ule unga kwenye gurudumu la cherehani. Asubuhi akakuta alama za vidole, na wifi ana chaki hadi kwenye mkono wa blauzi. Dada hakutaka maelezo. Aliitoa nje cherehani ya wifi mbele ya wateja, na yule mama akaondoka analia.

Sasa chumba kikawa chake peke yake, na ufunguo akalala nao. Pedali ikazidi kuwa nzito. Hapakubaki mtu wa kumshuku, na hapo ndipo nilipomwona dada yangu akiogopa.

Hospitali walimpima damu, wakamlaza ndani ya ile mashine iliyo kama bomba. Daktari akatuonyesha picha ya shingo: ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo umekonda.

"Chembe zinazoamrisha misuli zinakufa polepole," alisema. "Ni ugonjwa wa kurithi, ila kwako umejitokeza ukubwani. Ipo dawa ya kuupunguza kasi. Ungekuja mapema ingekusaidia zaidi."

Dada akaninong'oneza, eti yule ni daktari kweli?

Tulipotoka alitaka tupitie kwa wifi yake. Akasimama mlangoni, amenishika bega.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye cherehani yangu?"

"Nilikuwa naitia mafuta, wifi, asubuhi kabla hujafika. Niliona mguu unakushinda."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia unaumwa, ungesema naitaka nafasi yako."

Ilikuwa kweli, na sote watatu tulijua. Wifi akamsogezea kiti. Dada akakitikisa kwanza kuona kama ni imara, ndipo akakaa, akalia.