Marahaba ya Mfamasia

Mama yule mfamasia wa mtaa wa Ng'ambo aliitikia "Marahaba, mwanangu" hata pale Tunu, binti wa Mwamvita, alipochezesha midomo tu bila sauti, kwa ile hofu yake ya watu. Kisha alikunja bahasha ya vidonge mara mbili, taratibu. Mwamvita angali anaikumbuka mikunjo ile, ingawa dukani sasa wanauza simu. Siku moja Mwamvita alirudi dukani na bahasha ingali imejaa: Tunu alipoanza kusalimia watu, wifi zake Mwamvita walisema, "Mwachishe dawa za vichaa hizo!" Akamwachisha bila kumwuliza daktari, hofu ikarudi maradufu. Mfamasia hakumgombeza. Alifunga duka, akawasindikiza hospitali. Pale mlangoni pa hospitali, siku chache kabla hajahamia Igalula, alimwambia Mwamvita, "Mdogo wangu, hata mimi mtoto wangu nilimwachisha dawa."