Hatua Sitini Kutoka Majini

Bibi yangu mzaa baba aliondoka Ujiji akiwa na miaka minane au tisa, kwa miguu, nyuma ya shangazi yake, katika msafara uliokuwa unakwenda Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Mama yake alikuwa amezikwa wiki ile ile. Kabla ya safari, shangazi alimsimamisha pale kijito kinapoingia ziwani, akamgeuza mgongo kwenye maji na uso kwenye mlango wa msikiti, akamwamuru ahesabu hatua mpaka kaburini. Zilikuwa sitini.

"Usizisahau," aliambiwa. "Hakuna mwingine wa kuzikumbuka."

Hakuzisahau. Alizitaja nyumbani kwetu Cheyo, pale Tabora, akichambua mchele, na alizitaja alipougua homa aliyodhani haponi. Haja yake ilikuwa moja: kulizuru kaburi la mama yake kabla naye hajaitwa. Baba alipopata likizo, enzi hizo za Mwingereza, akatuchukua bibi na mimi binti yake, tukapanda treni.

Njia ile bibi aliitembea karibu mwezi mzima. Kesho yake asubuhi tulipoteremka Kigoma alimwuliza baba mara mbili kama kweli tumefika. Kisha akawa anataja subhanallah kwa midomo tu.

Tukaenda Ujiji. Mtu wa Tabora hujua maji ya kisima. Yale ya ziwa yalijaa macho, na milima ya Kongo ng'ambo yake ilikuwa kama moshi. Nilishika kanga ya bibi nisianguke, ingawa nilikuwa nchi kavu.

Bibi alisimama kwenye mdomo wa kijito, akageukia mlango wa msikiti, ambao ulikuwa bado upo, akahesabu. Hatua ya sitini ilimkuta katikati ya matete, tope limefika vifundoni. Akarudi, akaanza upya. Matete yale yale. Mara ya tatu hakumaliza. Alisimama akalia bila sauti.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia mihogo kule juu akatuita. "Shikamoo, bibi! Mnatafuta kambale?"

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mama."

Mwanamke akateremka upesi, jembe begani. Baba alipomweleza, aliuliza bibi aliondoka lini.

"Kabla ya Mjerumani."

"Basi unapima kwa ziwa la leo! Lile lako limeondoka, bibi. Limechoka kukusubiri."

"Nani kalisogeza?"

"Mwenyewe aliyeliweka."

Alitupandisha kando ya kijito, mbali, mpaka shambani kwake. Akapiga jembe mara mbili. Ukatoka mchanga mweupe, na ndani yake makome ya konokono wa ziwani. Mama mkwe wake alimwonyesha, alisema. Mawimbi yalikuwa yakivunjikia pale. Nikaokota kome moja nikalitazama. Tulikuwa ufukweni, miguu yetu katikati ya mihogo, na maji tukiyaona kwa mbali. Nimesoma na kusomesha dini miaka mingi tangu siku hiyo, na kila ninapotaka kuueleza uwezo wa Mungu, ulimi wangu huenda kwanza shambani pale.

Baba akaanza kupiga hatua. Bibi akamkemea.

"Rudi hapa! Miguu gani hiyo, korongo wewe? Mimi nilikuwa mdogo kama huyu."

Nikawekwa mimi. Nilitazama mlango wa msikiti nikatembea, bibi akihesabu nyuma yangu kwa sauti. Sitini iliniishia ukingoni mwa shamba, kando ya rundo la maganda ya mihogo. Hapakuwa na jiwe wala tuta. Baba alimtazama mama yake kwa hofu.

Bibi alichuchumaa, akakilaza kiganja juu ya udongo.

"Asalaam alaikum, mama. Nimechelewa."

Akainua mikono kuomba dua. Kama palikuwa ndipo hasa, sikumwuliza siku ile wala baadaye. Anayewajua waja wake walipolala ni mmoja. Mwenye shamba alilaza jembe, akainua mikono yake pia, akaitikia amin mpaka mwisho.

"Kumbe miaka yote hii nina jirani," alisema, akainama kuyaondoa maganda.