Bi Taratibu na Herufi Kubwa

Tuna tabia mbaya ya kumzika mtu kipande kipande angali hai. Macho yake yakififia, tunasema masikio nayo yamekwenda. Kisha tunaanza kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Mwanamke ninayemweleza hapa aliikataa tabia hiyo, na kukataa kulimgharimu.

Ni fundi wa kompyuta, mama wa miaka arobaini na kitu. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu, chenye meza ndefu na taa ya kuinamia. Wateja walimbandika jina la Bi Taratibu kwa sababu mashine yako haigusi mpaka umweleze tatizo lilianza lini. Wenye haraka hunung'unika. Yeye huwasubiri wamalize kunung'unika, kisha anauliza tena.

Asubuhi moja alipigiwa simu na binti wa Mwalimu. Mwalimu ameifundisha kwaya ya mtaa kwa miaka thelathini na mmoja. Bi Taratibu mwenyewe aliwahi kuimba humo usichanani, kwa wiki tatu tu, hadi Mwalimu alipomwita pembeni na kumwambia kwa upole kwamba moyo anao, sauti hana. Tangu hapo walipendana kama baba na mwana.

Kwaya hiyo hurekodi mazoezi kwa maikrofoni nane, kila moja na njia yake, kwa ubora wa juu kabisa, ili Mwalimu asikilize nyumbani na kumsahihisha kila mmoja. Kwa mwezi mzima alikuwa akilalamika kwamba besi mbili, zile sauti nene za kiume, zinakatika, zinameguka katikati ya neno. Waimbaji walisikiliza kwenye simu zao, wakakuta sauti ni safi. Wakahukumu kwamba tatizo ni masikio ya mzee. Mwenyekiti wa kwaya akaitisha mkutano Jumamosi saa kumi, na kiti cha kupumzikia kikanunuliwa kama zawadi ya kumuaga mzee.

Binti hakuomba kompyuta itengenezwe. Aliomba fundi aje amwambie baba yake kwamba masikio yamekwisha, kwa kuwa yeye hana ubavu wa kutamka hilo.

"Nitakuja," Bi Taratibu alimjibu. "Lakini nitaanza na kompyuta, mdogo wangu. Masikio ya Mwalimu nitayafikia mwisho."

Alifika Ijumaa mchana. Mwalimu alikuwa amekaa katikati ya sebule, spika nane zimemzunguka, macho yamefunga ukungu. Alieleza tatizo lake bila kuinua sauti. Alipomaliza akauliza, "Na wewe umetumwa kunipima, siyo?"

"Nimetumwa, Mwalimu. Ila nimekuja kupima waya."

Kazi ikaanza. Kompyuta mpakato ya Mwalimu ilitoa sauti kupitia chipu yake ya picha, kwa kebo moja iliyobeba picha na sauti pamoja. Kebo iliingia kwenye amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ikaendelea hadi kwenye televisheni. Alibadilisha kebo. Besi zikakatika vilevile, hata yeye aliyefukuzwa kwaya akazisikia. Kumbe mzee hakuwa akiota. Akabadilisha nafasi za spika, akaweka upya programu inayoendesha chipu, bado. Alipocheza nakala nyepesi, iliyopunguzwa ubora, ile ile ya kwenye simu za waimbaji, sauti ikatoka nzima. Nakala nzito ikarudi kukatika.

Ikabidi afungue mipangilio ya sauti. Lakini herufi zilikuwa kubwa mno, kitufe cha kukubali kimesukumwa nje ya skrini. Ili akifikie, akairudishia picha nukta zake zote za kawaida, herufi zikawa ndogo. Nakala nzito ilikuwa bado inacheza.

Mwalimu akanyanyua mkono. "Umefanya nini?"

"Sijagusa sauti. Nimerudisha picha tu."

"Basi ni hiyo picha. Besi zimerudi, zote mbili."

Fundi akaishusha picha tena, besi zikakatika. Akaipandisha, zikarudi. Hapo akaelewa: ndani ya kebo ile sauti husafiri katika nafasi zinazobaki kati ya mistari ya picha. Nukta za picha zikipunguzwa sana, nafasi nazo hupungua, na sauti nane nzito hazienei; zilizo kwenye njia za mwisho, ndizo besi, humeguka.

Ila nani aliipunguza? Alikaa chini. Mwezi mmoja kabla, Mwalimu alimwomba yeye mwenyewe amwekee herufi kubwa. Siku hiyo mtoto wa dada yake fundi alikuwa amelazwa hospitalini, simu haikuacha kulia, naye badala ya kukuza herufi peke yake alipunguza nukta za picha yote ili kila kitu kionekane kikubwa, kwa kuwa ni hatua mbili tu. Siku moja katika maisha yake hakuwa taratibu.

Alimweleza Mwalimu yote. Mzee akasema, "Mwanangu, mwezi mzima nimekuwa nikijiaga."

Fundi alikuza herufi kwa njia sahihi, na kesho yake akaenda ukumbini bila kualikwa. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza hotuba ya shukrani.

"Mwalimu alisikia sawasawa," alisema kutoka mlangoni. "Kosa lilikuwa kwenye mashine, na niliyelitia ni mimi."

Aliwaonyesha palepale, kwa kompyuta, amplifaya na spika alizobeba, akishusha na kupandisha picha, hadi mwimbaji wa besi aliyecheka sana wiki zile akawa anatazama viatu vyake. Mwalimu alisema kiti kile ni kizuri, kiwekewe kompyuta, kisha akaagiza mazoezi yaanze upya.

Jumatatu mwenyekiti alimwarifu kwamba kompyuta kumi na mbili za ofisi ya mwenyekiti huyo, alizokuwa akizitunza yeye, sasa zitatunzwa na fundi mwingine. Bi Taratibu aliusoma ujumbe huo mara moja. Mteja alikuwa amesimama mbele ya meza, mashine kwapani.

"Ilianza lini?" alimuuliza. Na tangu siku hiyo huongeza swali la pili: "Na kabla ya hapo nani aliigusa? Nitajie hata kama ni mimi."